Kasha Ukumbini: Faragha kwenye Kompyuta ya Nyumba Nzima

Jirani yangu hapa Tanga ni mwalimu wa hesabu, na mwanawe mkubwa yuko kidato cha tatu katika shule hiyohiyo anayofundisha mama yake. Nyumbani wana kompyuta moja ya mezani. Imekaa ukumbini karibu na televisheni, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na kila mtu huitumia: watoto kwa michezo na filamu, baba kwa mahesabu ya duka, mama kwa kutunga mitihani ya muhula. Jioni moja alinijia na swali aliloliona dogo. "Hivi folda inatiwaje pasiwedi? Nimebofya huku na huku, sijaona."

Nikamwambia tatizo si macho yake. Windows, mfumo unaoendesha kompyuta nyingi za majumbani kwetu, haina mahali pa kubofya ili folda moja idai nywila yake. Akaunti nzima inafungika, diski nzima inafungika, lakini folda moja peke yake, kama mtu afungavyo droo ya meza, hapana. Microsoft waliwahi kujaribu. Julai 2006 walitoa programu ndogo ya bure iitwayo Private Folder kwa watumiaji wa Windows XP, nayo ilifanya jambo hilohilo alilokuwa akilitafuta mwalimu. Haikumaliza mwezi. Wasimamizi wa kompyuta maofisini walikuja juu: mfanyakazi akiifunga folda kisha akasahau nywila, au akaacha kazi, nani atafungua? Kampuni ikaiondoa.

Nimekitanguliza kisa hicho makusudi. Kufuli walilolitaka watu wa nyumbani liliondolewa kwa kelele za watu wa ofisini, na hoja ya watu wa ofisini haikuwa ya kipuuzi. Anayeuliza "nani asione?" anapaswa kuuliza papo hapo "nani afungue nisipokuwepo?" Wengi wetu huuliza la kwanza tu, tena bila kulimalizia. Nani hasa asione? Mtoto mdadisi? Mke au mume? Fundi? Mwizi atakayeibeba mashine usiku? Kila mmoja kati yao anazuiwa kwa njia yake, na njia inayomzuia mmoja yaweza isimgutushe kabisa mwingine.

Nywila yenyewe, ukitazama ilikotoka, ilizaliwa katika hali isiyo mbali sana na ya ukumbi wa mwalimu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 chuo cha MIT kule Marekani kilikuwa na kompyuta kubwa na watu wengi wenye kazi zao. Fernando Corbató na wenzake wakatengeneza mfumo wa CTSS, uliowawezesha watu kadhaa kutumia mashine moja kwa wakati mmoja, kila mmoja na mafaili yake, kila mmoja na nywila yake. Mwaka 1962 mtafiti wa hapohapo chuoni, Allan Scherr, hakutosheka na saa za matumizi alizogawiwa. Akaiomba mashine imchapishie faili lenye nywila za watu wote. Ikamchapishia, naye akawa anakula saa za wenzake. Kufuli lilikuwa bado jipya, na aliyelishinda alikuwa mtu wa ndani mwenye shida ndogo ya kila siku.

Kompyuta ndogo zilipokuja, busara hiyo ya kumpa kila mtu nywila yake ikaachwa nyuma. Mashine ya IBM ya mwaka 1981 iliitwa kompyuta binafsi, na jina lilikuwa la kweli: ilikuwa ya mtu mmoja, mezani pake, wala haikumwuliza yeye ni nani. Windows 95 ilileta kisanduku cha jina na nywila, lakini aliyebonyeza Esc aliingia hivyohivyo. Kisanduku kile kilikuwa cha kumpangia kila mtu mandhari yake na kumuunganisha na mtandao wa ofisi, hakikuwa mlango. Ni Windows XP, mwaka 2001, iliyozipa kompyuta za nyumbani msingi wa kweli wa kuwatenganisha watumiaji, uliorithiwa kutoka Windows NT ya maofisini. Hata hapo, akaunti zilizoundwa wakati wa kuiweka zilikuwa za msimamizi, na hazikuwa na nywila.

Basi mashine iliyobuniwa kwa mtu mmoja ikaja kwetu, mara nyingi mtumba, ikakaa ukumbini kwa watu saba. Fundi ameipiga Windows, akaunti ni moja, jina lake ni "User" au jina la fundi mwenyewe, na kila anayeketi mbele yake ana mamlaka yote. Mapazia hayapo, milango haipo. Hapo ndipo watu wanapoanza kubuni.

Ubunifu wa kwanza ni kuificha folda. Bofya kulia, fungua sifa zake, tia alama, folda inatoweka. Kinachosahaulika ni kwamba sifa hii ni ya tangu enzi za DOS, na kazi yake ilikuwa kuyakinga mafaili ya mfumo yasifutwe kwa bahati mbaya na mwenye kompyuta mwenyewe. Haikukusudiwa kuficha kitu baina ya mtu na mtu. Kuvionyesha vilivyofichwa ni alama moja katika menyu, na sisi wa huku tuna sababu ya ziada ya kuijua menyu hiyo: kile kirusi cha shotikati kilichozunguka kwenye flashi za vyuoni na vibanda vya kuchapa, kikazificha folda za mtu na kuacha shotikati za uongo mahali pake. Wanafunzi wengi walijifunza kuandika amri ya attrib kwenye kidirisha cheusi, huku jasho likiwatoka, ili waone tena ripoti zao za mafunzo kwa vitendo. Ukimfichia folda kijana aliyepitia hapo, umempa zoezi alilokwisha kulifaulu.

Wapo wanaokwenda mbele kidogo. Huipa folda jina lisiloonekana kwa kushika Alt na kuandika 0160, kisha huibadilisha alama yake iwe tupu. Kwa macho haionekani. Ukiburuta kuchagua vitu vyote vya kwenye skrini, inang'aa. Halafu kuna ile programu ya mistari michache ambayo watu hupeana, unainakili kwenye Notepad na kuihifadhi kama faili la .bat. Ukiibofya inauliza nywila kwa heshima zote, na folda inajitokeza. Nakiri iliwahi kunipendeza. Inachofanya ni kuibadili folda jina ifanane na Control Panel, kisha kuificha. Na nywila yenyewe imeandikwa waziwazi ndani ya faili hilohilo. Yeyote anayelifungua kwa Notepad anaisoma. Ni kufunga mlango kisha ukauning'iniza ufunguo kwenye komeo.

Programu za kununua zinazojiita za kufunga folda zimegawanyika. Baadhi husimba kweli, yaani huyageuza mafaili kuwa vurugu ya herufi isiyosomeka bila ufunguo. Nyingine huficha tu, kwa mbinu ileile yenye sura nzuri zaidi. Mtumiaji wa kawaida hana namna rahisi ya kuzitofautisha, na zile zilizovunjwa leseni zinazogawiwa kwenye flashi ni hatari kuliko mtoto mdadisi: unaiomba programu usiyoijua ilipotoka ikutunzie kile usichotaka mtu akione.

Kufunga mafaili pamoja kwa nywila, kwa ZIP au 7-Zip, ni hatua ya kweli mbele, ila ina mitego. Usimbaji wa zamani wa ZIP ulikwisha kuonyeshwa udhaifu wake mwaka 1994, wakati Eli Biham na Paul Kocher walipoeleza jinsi mtu mwenye kipande cha yaliyomo anavyoweza kuufungua bila nywila. Muundo wa 7z, wa programu ya bure ya Igor Pavlov, hutumia usimbaji wa AES wa biti 256, na unaweza kuyasimba hata majina ya mafaili. Hili la majina si dogo. ZIP yenye nywila bado inamwonyesha mpitaji orodha ya vilivyomo, na faili liitwalo "Mtihani wa muhula wa pili kidato cha 3" limeshasema nusu ya siri. Mtego mkubwa zaidi lakini ni mazoea ya mwenye faili. Unalitoa ndani ya furushi ili ulifanyie kazi, unamaliza usiku wa manane, unasahau nakala iliyobaki kwenye skrini. Ukikumbuka kuifuta, inakwenda kwenye pipa la taka. Ukilimwaga pipa, data yake, hasa kwenye diski za zamani za kuzunguka, hubaki mpaka iandikwe juu yake kitu kingine. Na Word, bila kuulizwa, inaendelea kuitaja kwenye orodha ya nyaraka za karibuni.

Kabla sijamwambia mwalimu la kufanya, nilimweleza nyumba za mawe za Lamu. Mgeni asiyejulikana aliishia dakani, kwenye kibaraza cha mlangoni. Aliyejulikana alipita, akakuta kiwanda, yaani ua wa ndani; aliyekuwa wa karibu alifika kwenye misana, vile vyumba virefu vinavyofuata; na ndani, kule nyuma kabisa, palikuwa pa watu wa ndani. Baina ya sehemu hizo hapakuwa na makufuli mazito. Palikuwa na mpangilio, na palikuwa na hodi. Mtu alijua anaishia wapi kwa sababu nyumba ilimwambia. Kompyuta ya mwalimu haikuwa na cha kumwambia mtu: ukiketi tu, uko ndani kabisa.

Akaunti ndizo vyumba. Kwenye diski iliyopangwa kwa NTFS, ambao ndio mpangilio wa kawaida wa Windows za leo, kila akaunti ina folda zake za nyaraka, picha na skrini ya kazi, na mtumiaji mwingine wa kawaida akizibofya anaambiwa hana ruhusa. Hili halihitaji programu wala fedha, ni dakika 15. Lakini lina sharti moja ambalo likikosekana kazi yote ni bure: msimamizi awe mmoja, na wengine wote wawe watumiaji wa kawaida. Msimamizi akibofya folda ya mwenzake huambiwa vilevile kuwa hana ruhusa, ila chini ya ujumbe huo ana kitufe cha kuendelea. Akikibonyeza, anaingia. Nyumba yenye akaunti tano za msimamizi ni nyumba ya vyumba vitano na ufunguo mmoja unaofungua vyote, kila mtu akiwa nao mfukoni.

Ninazipenda akaunti kuliko makufuli kwa sababu nyingine ambayo watu huijua wakiwa wamechelewa. Faragha haivuji kupitia folda tu. Huvuja kupitia orodha ya mafaili ya karibuni inayojitokeza mtu anapofungua dirisha, kupitia kichezea video kinachokumbuka ulichotazama jana, kupitia vipicha vidogo ambavyo mfumo unajitengenezea ili uonyeshe haraka, kupitia kivinjari kilichohifadhi nywila ya barua pepe, kupitia WhatsApp iliyounganishwa na kompyuta wiki iliyopita na haikukatwa. Picha ulizopiga kwa simu zaweza kuwa zinaonekana ukumbini kwa sababu uliingia mara moja kwenye akaunti yako ya Google kuchapisha tiketi. Folda ya siri yenye nywila kali haizuii hata moja kati ya hayo. Akaunti tofauti huyazuia karibu yote, maana kila akaunti ya Windows ina kivinjari chake, orodha zake na kumbukumbu zake. Ile sura ya kubadilisha wasifu ndani ya Chrome si badala yake. Wasifu wa Chrome ni pazia, mtu analisogeza kwa mkono.

Ugumu wake ni wa kibinadamu. Kutoka na kuingia kunachosha, mashine yenye kumbukumbu ya GB 4 inapumua kwa shida watu watatu wakiwa wameacha kazi zao wazi, na mtoto hukuita ukiwa jikoni: "Mama, niingizie." Unamtajia nywila kwa sauti huku unakaanga vitunguu, na chumba kimekwisha kuwa ukumbi. Kitufe cha Windows pamoja na L hufunga skrini mara moja. Kati ya yote niliyomfundisha mwalimu, hilo ndilo pekee alilolishika siku hiyohiyo.

Mpaka hapa tumewazungumzia watu wanaokaa mbele ya mashine ikiwa imewaka kwa utaratibu wake. Ruhusa za akaunti ni sheria zinazosimamiwa na Windows. Windows isipokuwepo, msimamizi wa sheria hayupo. Anayeiwasha kompyuta kwa flashi yenye Linux, au anayeing'oa diski na kuichomeka kwenye mashine nyingine, anasoma kila kitu kama gazeti. Hao si watoto wa nyumbani, kwa kawaida. Ni mwizi, na ni fundi.

Fundi tumwongelee kwa haki, maana wengi ni waaminifu na kazi yao ni ngumu. Lakini ndiye mgeni pekee tunayempelekea kasha zima pamoja na ufunguo, na kumwacha nalo siku tatu. Mwaka 2008 picha za faragha za mwigizaji Edison Chen wa Hong Kong zilisambaa kwenye intaneti. Zilikuwa zimenakiliwa kutoka kompyuta yake aliyoipeleka kutengenezwa, na fundi mmoja akahukumiwa kifungo mwaka uliofuata. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Guelph nchini Kanada nao walipeleka kompyuta kwenye maduka ya ufundi zikiwa zimetegeshwa zirekodi kinachofanywa. Katika baadhi ya maduka mafundi walifungua picha na mafaili binafsi, na wapo walionakili, ingawa hitilafu iliyowapeleka pale haikuhusu mafaili kabisa. Fundi anayebadilisha feni, skrini au chaji hahitaji nywila yako. Kama diski inatoka kwa skrubu mbili, mpe mashine ubaki na diski.

Linalomzuia fundi na mwizi ni usimbaji, na hapa watu huchanganya aina mbili. Ya kwanza husimba diski nzima. Windows ina BitLocker tangu Vista ya mwaka 2007, ingawa matoleo ya Home hayana BitLocker kamili. Mashine mpya zenye toleo hilo huwa na usimbaji wa kifaa uliorahisishwa. Mac ina FileVault, ambayo mwaka 2003 ilianza kwa kusimba folda ya mtumiaji na tangu 2011 husimba diski yote. Njia hii ni nzuri kabisa kwa mashine iliyoibwa, na haina maana yoyote kwa kaka yako: kompyuta ikishawashwa na kufunguliwa, diski imefunguka kwa nyumba nzima. Nimewasikia watu wakisema "nimeweka BitLocker, folda yangu iko salama," nao wanamkusudia mtu anayelala chumba kimoja nao.

Pana jambo lingine la BitLocker linalotuhusu kwa namna ya pekee. Windows 11 ya mwaka 2024, ikiwekwa upya na kuingiwa kwa akaunti ya Microsoft, mara nyingi huwasha usimbaji yenyewe na kuuhifadhi ufunguo wa dharura kwenye akaunti hiyo. Sasa tuulizane: akaunti hiyo aliifungua nani? Kwetu, mara nyingi, aliifungua fundi kwa barua pepe yake ili amalize kazi haraka. Siku mashine itakapodai tarakimu 48 za ufunguo wa dharura, zitakuwa kwa mtu aliyehama duka miaka miwili iliyopita.

Aina ya pili husimba sehemu tu. Matoleo ya Pro ya Windows yana EFS, iliyokuwepo tangu Windows 2000, inayosimba folda kwa niaba ya akaunti moja. Ni maridadi, haiulizi nywila ya ziada, na ni mtego wa kutisha. Ufunguo wake umefungamana na akaunti yako: msimamizi akikubadilishia nywila kwa nguvu, au fundi akipiga Windows upya, mafaili yapo, majina yanaonekana, na hayatafunguka tena kama hukuhifadhi cheti chake pembeni. Kupiga Windows upya, kila mtu anajua, ndiyo panadoli ya mafundi wetu. Hutolewa kwa kila ugonjwa. Kwa nyumba zetu mimi siipendekezi EFS hata kidogo.

Ninayoipendekeza, kwa yule ambaye kweli anahitaji kufuli la folda, ni VeraCrypt. Ni programu ya bure iliyotolewa mwaka 2013 na kampuni ya Kifaransa ya IDRIX kwa kuiendeleza TrueCrypt, ambayo waandishi wake waliiacha ghafla Mei 2014. Hutengeneza faili moja kubwa ambalo, ukitoa nywila, hufunguka kama diski mpya. Ukilifunga, ni kelele tupu. Linaweza hata kuwa na chumba cha pili ndani ya cha kwanza, chenye nywila yake, ambacho aliyelazimisha kufunguliwa cha kwanza hawezi kuthibitisha kama kipo. Waliokulia na kasha la Kizanzibari la bibi, lile la njumu za shaba na vidroo vya siri nyuma ya vidroo, hawahitaji kuelezwa zaidi. Watumiaji wa Mac hawana haja ya kutafuta mbali, Disk Utility inatengeneza kasha la namna hiyo. VeraCrypt nayo ina vijitabia: likiwa wazi, kasha linaonekana kwa watumiaji wengine walio kwenye mashine hiyohiyo, hivyo ni la kufungwa kila mara, na kwa kuwa likifungwa linafanana na faili bovu la GB 2, mtoto anayetafuta nafasi ya mchezo anaweza kulifuta bila kujua. Nakala ya pili kwenye flashi si anasa.

Hata hivyo kuna mpaka ambao hakuna programu inayouvuka. Anayeishika akaunti ya msimamizi anaweza kuweka programu inayorekodi kila herufi unayobonyeza, na nywila ya kasha lako imo kati ya herufi hizo. Kwenye kompyuta inayotawaliwa na mtu mwingine, huna siri kwake akiamua. Wenye ndoa za amani hili haliwasumbui. Lakini yuko mwanamke anayeandaa maelezo ya kupeleka mahakamani, au anayehifadhi picha za majeraha yake, na anayefichwa ndiye aliyeinunua mashine. Kwake folda yenye kufuli ni hatari ya pili, kwa kuwa kufuli lenyewe ni habari: linasema kuna kitu, na linazusha amri ya "fungua." Ushauri kwa mtu huyo haupo kwenye mipangilio ya Windows. Mafaili yake yasikae katika nyumba hiyo. Yakae kwa ndugu au shoga anayeaminika, au kwenye akaunti ya mtandaoni ambayo haijawahi kufunguliwa kwenye mashine wala simu ya mle ndani.

Nirudi kwenye swali la watu wa ofisini. Mke wa binamu yangu ni mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa, wanachama 30, na daftari lote liko kwenye kompyuta ya sebuleni: nani kakopa, nani kadhaminiwa na nani, nani ameshindwa kulipa. Akilifunga vizuri kisha akaugua, kikundi kinasimama. Akifariki, wanachama watakaa matanga huku wakitazama faili lisilofunguka. Kwa mtu kama huyu kupotea kwa ufunguo ni tishio kubwa kuliko shemeji mchunguzi, na dawa yake ni ya kale kabisa: nywila imeandikwa kwenye karatasi, karatasi imo ndani ya bahasha iliyofungwa kwa gundi na kutiwa saini juu ya mfuniko, na bahasha iko kwa mwenyekiti au pamoja na hati ya nyumba. Wapo wataalamu wanaokunja uso wakisikia nywila imeandikwa kwenye karatasi. Wanafikiria karatasi iliyobandikwa kwenye skrini.

Sheria inasaidia kwa pembeni. Katiba ya Tanzania katika ibara ya 16 na ya Kenya katika ibara ya 31 zinalinda faragha ya mtu, nyumba yake na mawasiliano yake. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya mwaka 2019, na hiyo ya Kenya inasema wazi kwamba haigusi shughuli za mtu zilizo binafsi au za kinyumbani tu. Hakuna atakayemshtaki mdogo wake kwa kuchungulia albamu ya harusi. Lakini alama za wanafunzi 200 wa mwalimu, na madeni ya wanachama wale 30, si mambo ya kinyumbani kwa kuwa tu yamewekwa ukumbini. Ni taarifa za watu wengine walioamini kwamba zinatunzwa. Hapo ndipo nilipoacha kumuuliza mwalimu kama kweli anahitaji kufuli.

Tulikaa Jumamosi moja tukaipanga ile mashine. Akaunti ya msimamizi ikawa moja, mama ndiye mwenye nayo, na haitumiki ila kuweka programu. Yeye mwenyewe kwa kazi za kila siku ana akaunti ya kawaida, baba ana yake, watoto wana zao. Mitihani iko kwenye kasha la VeraCrypt la MB 500, kwa sababu shule ni ileile na mtihani ukivuja hakuna atakayeamini kuwa mtoto alibahatisha. Nakala iko kwenye flashi ndani ya kabati. Bahasha ya nywila alitaka apewe mkuu wa taaluma, si mumewe, na mumewe alicheka tu.

Kijana alipopata akaunti yake aliiwekea nywila siku hiyohiyo na akakataa kumtajia mama yake. Mama alinipigia simu usiku, nusu ana hasira nusu anacheka, akauliza kama yeye akiwa msimamizi anaweza kuibadilisha. Nikamwambia anaweza, ni kubofya mara tatu. Akanyamaza kidogo. "Ana umri wa miaka kumi na sita," akasema. Kisha akaniuliza bei ya flashi nyingine.